Kimya cha Tumbo

Njia ya kukimbilia ya kambi ya Endahargi ilikuwa inapima. Kila unyayo uliotua juu yake ilijua ni wa nani, umetua kwa nguvu gani na umebeba uzito gani, na kabla mkimbiaji hajamaliza mzunguko, habari zake zilikwisha kupanda kwenye ubao uliosimama juu ya banda la kocha. Jina likiwa la kijani, mambo ni sawa. Likiwa la njano, umezidi. Hakukuwa na rangi ya mtu aliyepungua kupita kiasi, kwa sababu waliotengeneza ubao ule hawakuombwa kuiweka.

Asubuhi hiyo jina la Fausta Gwandu lilikuwa la kijani kibichi kama jani la hindi baada ya mvua. Alikuwa amebakiza mizunguko miwili katika mazoezi ya mita elfu kumi, na wenzake walikwisha kuachwa nusu mzunguko nyuma. Kocha Bonifasi Margwe alisimama mikono nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, amekunja uso kwa namna ambayo asiyemjua angedhani jua linamuumiza. Waliomjua walijua kwamba anatabasamu.

Restituta Tluway hakuutazama ubao. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama ilivyokuwa desturi yake, amefumba macho, anasikiliza. Zamani naye alikuwa mkimbiaji, tena mkimbiaji wa kutajwa redioni, na kitu kimoja ambacho miaka haikumnyang'anya ni sikio. Mguu wa kulia wa Fausta ulitua vizuri. Wa kushoto ulitua upesi na kuondoka upesi zaidi, kama wa mtu anayekanyaga majivu asiyejua kama yamepoa.

"Umeiona saa yake?" Kocha aliuliza Fausta alipovuka mstari. "Siku kumi na mbili zimebaki kabla ya mchujo wa taifa, na tayari anakimbia hivi."

"Nimeusikia mguu wake," Resti alijibu.

 Kocha aliishusha kofia kidogo zaidi.

*

Ulikuwa mwaka wa kumi na nne tangu Kimya kiruhusiwe michezoni. Ni kitu kidogo, hakizidi punje ya ulezi, na hupandikizwa chini ya mtulinga, mfupa wa chini ya shingo, kwa tundu la sindano. Habari za tumbo huenda kichwani kwa njia ya mshipa wa fahamu unaopita shingoni. Kimya hukaa jirani na mshipa huo kama bawabu: habari ya njaa ikija, hairuhusiwi kupita. Kilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa ambao njaa yao haikuwa na mwisho. Kisha wakimbiaji wa masafa marefu wakagundua kwamba mtu asiyesikia njaa ni rahisi kumfikisha kwenye uzito anaotakiwa, na kwamba anafika huko bila kununa wala kunung'unika. Baada ya hapo haikuchukua muda. Kambi iliyokataa Kimya ilianza kushindwa, na kambi iliyoshindwa ilikubali.

Sheria ilijaribu kuweka breki. Ilisema asiyesikia njaa lazima alishwe kwa saa, na kila kambi iwe na mtunza. Endahargi mtunza alikuwa Resti. Kengele ililia mara tano kwa siku na wasichana wakala walichowekewa. Resti alihakikisha sahani zinarudi tupu, alichukua damu kila mwezi, na alishika ufunguo, kibao chembamba kinachosoma vidole. Ili Kimya kizimwe au kiwashwe, vilihitajika vidole vya watu wawili: cha mtunza na cha mwenye mwili. Kulikuwa na mlango mmoja wa pembeni, ulioitwa kifungu cha hatari. Mtunza akiona uhai au viungo vya mtu viko hatarini, angeweza kuzima kwa kidole chake peke yake. Lakini aliyezimiwa hivyo alifungiwa mashindano siku tisini, na siku ya tisini mtunza yuleyule alipaswa kwenda kumwuliza, uso kwa uso, kama anataka kiwashwe tena. Jibu lilikuwa la mwenye mwili, si la mtu mwingine.

Katika miaka yake yote ya utunza, Resti hakuwahi kukigusa kifungu hicho.

*

Chumba cha tiba kilinukia dawa ya kuchulia misuli. Fausta alipanda kitandani bila kuambiwa, akalaza mguu wa kushoto. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, na kwenye mikono yake vilikuwa vimeota vinyweleo laini kama vya kifaranga, ambavyo miezi sita nyuma havikuwapo.

Resti alishusha kioo cha mifupa juu ya muundi. Mfupa ukaonekana, mweupe, na katikati yake mstari mwembamba kama unywele ulioanguka kwenye maziwa.

"Hedhi ulipata lini mara ya mwisho?"

"Dada Resti, hayo si umeyaandika kwenye daftari lako?"

"Nimeandika ulichoniambia. Sasa nauliza ukweli."

Fausta aliangalia dari. "Kabla ya Noeli."

"Noeli iliyopita?"

"Ya mwaka juzi."

Resti alivuta kigoda akakaa. Mkononi alikuwa na majibu ya damu ya mwezi huo, na damu ile haikuwa ya mtu anayekula mara tano kwa siku. "Sahani zako zinarudi tupu," alisema. "Nazihesabu mwenyewe."

Msichana aligeuza uso kuelekea dirishani. Kule getini mbwa wa mlinzi alikuwa amelala ubavu, mnene kama gunia. Miezi ile ya karibuni hata wageni wakija hakuamka, akawa anabweka akiwa amelala, na Resti na mpishi walikuwa wamemcheka mara nyingi kwamba ameshazeeka. Resti alimtazama mbwa, akamtazama Fausta, kicheko chote alichowahi kukicheka kikamrudi kooni.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Lakini kwa nini? Njaa husikii, na uzito wako ulikwisha kufika."

"Kimya kinazima njaa, dada. Hakizimi hesabu." Fausta alisema bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwao. "Kila kijiko nakiona kama jiwe ninalotiwa mgongoni. Nikilimeza, nalisikia kutwa nzima. Nikimpa mbwa, napumua. Mwanzoni nilikuwa nampa kidogo tu."

"Huu ni ugonjwa, Fausta. Una jina, na una matibabu."

"Nitatibiwa baada ya mchujo. Siku kumi na mbili tu. Usimwambie Kocha." Aliinuka akakaa, akamshika Resti mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi ingawa jua lilikwisha kupanda. "Na wewe mwenyewe una Kimya miaka kumi na mmoja. Uko mzima. Picha yako iko pale getini."

Resti alikizima kioo, akasimama akiegemea mguu wa kushoto. 

*

"Naujua ufa huo," Kocha Margwe alisema. Walikuwa wamekaa kwenye banda lake, chai ya maziwa mbele yao, ya Resti haijaguswa kwa kuwa kengele haijalia. "Si wa kwanza kukimbia na ufa. Akivuka mchujo, nampumzisha miezi sita. Nakupa neno langu."

"Na mfupa usipovumilia?"

"Na ukivumilia je?" Kocha hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti ya katekista, na wasichana walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwafokea. "Resti, yule binti kwao hawajawahi kupata nafasi kama hii. Na ni mtu mzima. Una haki gani ya kumwamulia mwili wake? Mwulize. Akisema zima, zima. Akisema acha, acha."

"Anayesema acha ni yeye, Kocha, au ni ugonjwa wake?"

"Wewe ulipokuwa unakimbia, nani aliyekuwa anasema?"

 Kocha alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Ukimzimia kwa nguvu," aliendelea, "wenzake kumi na saba watakuficha kila kitu kuanzia kesho. Akivunjika kidole, atakifunga kitambaa na kunyamaza. Hilo nalo lipime."

Alilipima. Lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliomchoma. Alitoka bandani akapita getini, pale kwenye picha yake ya zamani yenye ukubwa wa mlango, akiwa na medali shingoni na meno yote nje. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MIMI HAPA, MZIMA. Mbwa alipiga mkia mara moja ardhini.

*

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya mchana, alimwita Fausta chumba cha tiba. Safari hii aliyepanda kitandani alikuwa Resti. Alishusha kioo juu ya nyonga yake mwenyewe, akamwambia msichana atazame.

Kulikuwa na chuma kirefu ndani ya mfupa, na skrubu tatu.

"Hiyo ni ile ajali ya pikipiki," Fausta alisema.

"Hakukuwa na pikipiki."

Fausta alisogea karibu na kioo.

"Ulikuwa mwaka wangu wa pili na Kimya," Resti alisema. "Nilikuwa mzunguko wa ishirini na mbili, naongoza. Nikasikia mlio kama wa kuni kavu inavunjwa, nikadhani ni kwa mtu mwingine. Kisha nikaona anga. Daktari alisema mifupa yangu ni ya bibi wa miaka sabini. Alisema na watoto nisitegemee. Kambi ikasema tuseme ni pikipiki, nami nikakubali, kwa sababu niliona aibu. Wakanipa kazi ya utunza. Wakanipiga picha. Mwaka uliofuata wakanituma kwenye shule za msingi kuwaonyesha watoto."

"Ulikuja kwetu." Sauti ya Fausta ilikuwa ndogo. "Nilikuwa darasa la sita. Uliruka kamba na sisi."

"Nilimeza vidonge vitatu vya maumivu ndipo nikaweza kuruka."

Msichana alisimama akaenda dirishani. Mgongo wake ulisimama wima kama mtu anayesubiri mlio wa kuanzia. "Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mama nataka kuwa kama yule dada," alisema. "Alikuwa anakamua ng'ombe. Akacheka, akasema kwanza maliza maziwa yako. Sikuyamaliza."

Resti alikaa kitandani. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini sasa aliyaona madogo, akayaacha. Alitoa ufunguo mfukoni.

"Nataka kuzima changu. Mtunza hawezi kujizimia, kinahitajika kidole cha pili. Naomba kiwe chako."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nataka kukwambia uzime chako, na mimi mwenyewe naogopa kuzima changu. Kila mwaka nasema mwakani. Miaka kumi na mmoja nakula kwa kengele, Fausta. Sijui kinachonisubiri huko ndani."

Fausta alirudi na kuutazama ule ufunguo. Kisha akabonyeza kidole chake kwa nguvu, kama anayeponda kunguni. "Haya," alisema. "Tuone."

*

Kwa saa mbili hakukuwa na lolote. Resti alipanga dawa kabatini, akaandika daftari, akaanza kuamini kwamba pengine mshipa wake ulikwisha kufa zamani. Saa kumi jioni mpishi, Mama Emiliana, alitia vitunguu kwenye mafuta.

Kwanza alidhani anaugua. Mate yalimjaa, na chini ya mbavu kitu kikavuta, kikaachia, kikavuta tena, kama ndama anayegonga kiwele. Aliishika meza. Halafu akakitambua, na machozi yakamtoka bila kwikwi, kwa namna mtu anavyolia akiitwa kwa jina ambalo wote waliomwita hivyo wamekwisha kufa.

Alikwenda jikoni. Mama Emiliana alimwekea ugali, maharage na bakuli la maziwa ya mgando, akashangaa kumwona anakula amesimama. Alimaliza. Aliomba tena, akamaliza. Aliomba mara ya tatu na mpishi akampa huku anamtazama kwa jicho la pembeni. Tumbo lilianza kuuma na bado kinywa kilitaka, kwa sababu tumbo lililosahauliwa miaka kumi na mmoja halikuwa na imani kwamba kesho litakumbukwa.

Kisha ikaja hesabu. Hakuitegemea hiyo. Aliinua macho akaona kivuli chake kwenye kioo cha dirisha la jikoni, na sauti aliyoiacha akiwa na miaka ishirini na mitano, kengele ilipoanza kumhesabia, ikaanza kuhesabu tangu pale ilipoishia, haijazeeka hata siku moja: vijiko vingapi, vipande vingapi, utavilipa vipi. Alitoka mbio, kwa kadiri nyonga ilivyomruhusu. Jua lilikuwa linagusa vilima alipogonga mlango wa chumba cha Fausta, ufunguo mkononi.

"Weka kidole," alisema. "Tukiwashe. Kwa leo tu, kesho tutajaribu polepole."

Fausta alisimama mlangoni. Alimtazama mtunza wake kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Dada Resti, una ugali shavuni."

"Fausta, nakuomba."

"Hapana." Hakusema kwa chuki. Alisema kwa hofu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulitaka nione, nimeona. Ukinizimia mimi, nitakuwa hivi. Na mimi nina mchujo."

Mlango ulifungwa taratibu. Resti alibaki ameuegemea ukuta, tumbo linamuuma, akielewa kwamba kwa ujasiri wake wote amemtia msichana woga kuliko Kocha na ubao wake walivyowahi kumtia.

*

Hakukiwasha tena. Siku ya pili ilikuwa mbaya, ya tatu mbaya zaidi, ya nne aliamka akiwa na njaa ya kawaida, akala uji na kiazi, njaa ikaondoka kama mgeni mwenye adabu. Alikaa na bakuli tupu mapajani, asiamini. Jioni hesabu ilirudi, akalia. Alimpigia simu daktari wa akili wa hospitali ya wilaya, mwanamke ambaye namba yake Resti aliwaandikia wasichana miaka yote lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuipiga, akamweleza kila kitu.

Siku ya tano alimpima Fausta tena. Ufa ulikuwa si unywele tena. Ulikuwa uzi.

"Siku saba," Fausta alisema kabla hajaulizwa.

Resti aliendelea kukitazama kioo. Aliyafikiria maneno ya Kocha, kwamba ni mtu mzima. Alijifikiria na yeye akiwa na miaka ishirini na saba, jinsi ambavyo angemchukia mtu yeyote ambaye angemtoa kwenye mzunguko wa ishirini na moja. Angemchukia mpaka leo, na huenda leo angekuwa na watoto na bado anamchukia. Hakuna aliyemtoa. Wote walimheshimu.

Alichukua ufunguo.

"Nazima," alisema. "Sikufanyii kwa siri. Nakwambia usoni."

Fausta aliuvuta mguu wake akaukumbatia. "Sijaridhia."

"Najua. Nimeandika hujaridhia."

"Mimi si wewe. Mfupa wako ulivunjika, wangu si lazima uvunjike."

"Si lazima."

"Basi utakuwa umeniibia."

"Huenda," Resti alisema.  "Huenda nimekuibia, na hakuna atakayeweza kunithibitishia kwamba sivyo. Nitaishi na hilo." Akaweka kidole.

Nje, juu ya banda la kocha, jina la Fausta Gwandu lilitoweka kwenye ubao, na majina yaliyokuwa chini yake yakapanda hatua moja.

Taarifa aliyoituma kwa chama cha riadha ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilieleza muundi wa Fausta. Ya pili ilieleza nyonga ya Restituta Tluway, pikipiki ambayo haikuwapo, na shule alizozitembelea, akizitaja moja moja kadiri alivyozikumbuka.

Kocha alimkuta anafunga mizigo. Alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata misibani, na kichwa chake kilikuwa na mvi kuliko Resti alivyodhani.

"Umetumaliza," alisema.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Alisimama pale, anaizungusha ile kofia. "Wewe nilikuona unachechemea wiki tatu kabla. Nilijua. Nikasema moyoni, akisema inauma, nitamtoa. Nikasubiri useme." Akaivaa tena. "Hukusema."

Resti alifunga zipu ya begi. 

*

Mchujo ulifanyika, na aliyeshinda alikuwa msichana wa kambi nyingine, kwa muda ambao Fausta alikuwa ameupita mara tatu mazoezini. Watu waliandika mengi. Picha ya getini ilibanduliwa na ukutani pakabaki pembe nne nyeupe. Resti alisimamishwa kazi, akabakiziwa jukumu moja tu ambalo sheria haikuruhusu mwingine alifanye. Kati ya wasichana wa Endahargi, wawili walimtafuta wakaomba kuzimiwa kwa ridhaa yao, naye akawapeleka kwa mtunza mpya. Tisa walimwandikia barua wakisema wasimwone tena.

Siku ya tisini alishuka kwenye lori la viazi penye njia panda ya Gidabaj, akapanda kilima kwa miguu, akipumzika kila nyonga ilipomtaka apumzike. Mama yake Fausta alimpokea nje ya boma. Alikuwa mwanamke mfupi, macho hayatulii.

"Mwezi wa kwanza alikuwa anakula nyuma ya nyumba, amejificha," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimsikia analia huku anatafuna. Mwezi wa pili akakataa kabisa siku nne, daktari akaja na gari. Sasa kuna siku njema, kuna siku mbaya. Juzi ilikuwa mbaya." Akageuka kutazama uani. "Wiki iliyopita alipata siku zake. Alikasirika, unajua? Alikasirika kutwa nzima. Sikumwelewa."

"Na jina langu analitaja?"

"Hapana, dada."

Fausta alikuwa ameketi kwenye jamvi uani, anachambua maharage kwenye ungo. Uso wake ulikuwa umejaa kidogo, na vinyweleo vya mikononi vilikuwa vimeanza kupungua. Hakuinuka. Resti alisalimia.

"Sijakusamehe," Fausta alisema, macho kwenye ungo.

"Sikuja kwa hilo."

"Msichana aliyeshinda nilimwacha mzunguko mzima mwaka jana."

"Najua. Nilikuwapo."

Aliomba mguu, akapewa. Kioo alichoazima kilikuwa cha zamani na picha yake ilikuwa na ukungu, lakini mfupa ulionekana: pale palipokuwa na uzi pameota uvimbe mdogo, mweupe, imara. Mama alisogea akachungulia, akaweka mkono mdomoni.

"Umeunga," Resti alisema.

"Ungeunga hata baada ya mchujo."

"Huenda."

Fausta alichomoa jiwe kwenye maharage akalitupa mbali, likagonga bati la banda la ng'ombe. Resti alikaa kwenye jamvi, mguu ameunyoosha, akatoa ufunguo na kuuweka kati yao. Maneno ya sheria aliyajua kwa moyo, lakini aliyasema polepole, kwa sababu hakuwa amewahi kuyasema kwa mtu.

"Leo ni siku ya tisini. Nilikizima bila ridhaa yako. Sasa uamuzi ni wako, na jibu lolote utakalotoa nitaliandika na sitalipinga. Fausta Gwandu, unataka kiwashwe?"

Msichana aliuangalia ufunguo. Kidole chake cha shahada kilisogea mpaka ukingoni mwa ungo, kikasimama pale. Mama yake aliacha kupumua. Resti alijilazimisha kutazama chini, asimsihi kwa macho, maana hata hilo lingekuwa kumwamulia.

Jikoni mvuke uliinua mfuniko wa sufuria, na harufu ya viazi vilivyopikwa na maziwa ikavuka ua. Fausta aliinua kichwa. Uso wake ulikunjamana kwa hasira, hasira ya mtu aliyeshikwa mkono katikati ya shughuli yake, akameza mate, akaona kwamba Resti amemwona anameza.

"Niulize nikishakula," alisema, akauweka ungo kando na kuinuka. "Sasa hivi nina njaa."